Kishada Kilichompa Bibi Shikamoo

Mwasiti alikuwa na bibi mmoja na upepo mwingi.

Upepo wa Singida, jamani! Vuuu! Unachukua kofia. Vuuu! Unachukua hata sufuria.

Bibi alikuwa amevunjika mguu. Kutwa alilala karibu na dirisha.

"Nimechoka kutazama ukuta," alisema. "Nirushieni kishada nikione."

Dada Zaituni akaruka. Chuo amemaliza, kazi hana. "Lakini kwa vishada, mimi ni profesa!"

Akachukua kiroba na fito. Akatengeneza kishada kikubwa, cheupe, chenye mabawa. Akakifunga kamba nne.

Ncha za kamba akazifunga kwenye vijiti viwili, akampa Mwasiti, kimoja kila mkono.

"Sikiliza, mdogo wangu, kamba ni hivi. Juu mbili, gia. Chini mbili, breki."

Vuuu! Kishada kikapaa. Kikapita dirishani, fyuu! Kikarudi, fyuu!

"Mbona hakisalimii?" Bibi akauliza. "Mtoto gani anapita mbio mbele ya wakubwa?"

Mwasiti akavuta breki. Wapi! Kishada kilikuwa kimejaa upepo, kimevimba kama shavu. Kikamburuta mpaka zizini.

"Meee!" wakasema mbuzi.

Mwasiti akalia. "Bibi hatasalimiwa!"

"Kosa si lako, ni la dizaini," akasema Dada Zaituni. "Upepo umekosa pa kutokea."

Akaleta mfuko wa vitunguu, ule wa wavu. Akakata matundu kwenye mabawa, akashonea wavu.

Athumani wa jirani akacheka. "Kina matundu! Si chujio la chai hilo?"

"Kachuje maneno yako kwanza," Dada akamjibu.

Juu mbili, gia. Chini mbili, breki.

Vuuu! Upepo ukaja. Shwaaa... ukapita kwenye matundu.

Mwasiti akavuta kamba za chini, polepole.

Kishada kikasimama.

Kikasimama hewani! Mbele ya dirisha. Kimya. Kama mtu.

Mbuzi wakaacha kutafuna. Athumani akabaki mdomo wazi. Vuuu! Upepo ukaingia na humo.

Mwasiti akalegeza mikono kidogo. Kishada kikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi!" Mwasiti akaita.

Bibi akashika kifua. Macho yakamng'aa.

"Marahaba," akanong'ona. "Marahaba, mjukuu wangu mwenye mabawa."

Jioni, Dada Zaituni akakitundika kishada ukutani. Ukuta uleule uliomchosha Bibi.

Bibi akautazama. Akautazama tena. Mwasiti akajikunja ubavuni kwake.

Nje, vuuu...

Ndani, kwenye matundu, shwaaa...

Wote wawili wakalala.