Kushoto Kidogo

Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa nyumba kuukuu za mashambani, alikuwa akimsimamisha mkewe mlangoni ili ukubwa wa mlango uonekane. Mama wa watu alikuwa hasogei mpaka aambiwe, "Tayari." Miezi mitatu baada ya kumzika, idara ya mambo ya kale iliyomwajiri ikamtuma kwenye nyumba nyingine, isiyo na watu. Alipolenga mlango uliojaa giza, mazoea yakamponyoka: "Kushoto kidogo, mama watoto."

Ndani, ndala zikaburuzika mara mbili, zikanyamaza. Akabonyeza, akatimua mbio.

Picha ikarudishwa na mihuri mitatu: "Imekataliwa. Watu hawaruhusiwi tena." Akaikodolea macho wiki nzima, akitamani amwone hata kivuli, akaona mlango tu. Akampigia simu karani wa idara.

"Mzee, unatufanya vipofu?" karani akafoka. "Si huyu mama hapa, kushoto kidogo, kaganda kama anasubiri kuambiwa kitu!"