Nafasi ya Mlinda Goli

Kila timu ina mambo yake, na timu ya netiboli ya shule ile ya wasichana ilikuwa na duara. Kabla ya mchezo wasichana walishikana mabega, nahodha akaita nafasi moja moja, na mwenye nafasi akaitika, "Nipo!" Mchezaji akiugua, nafasi yake hakupewa mtu mwingine mpaka apone. Nahodha aliiita vilevile, na wenzake wakamwitikia mgonjwa kwa pamoja, "Yupo!" Lilikuwa jambo la upendo tu. Nani angedhani lina ubaya?

Jioni moja mlinda goli alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa kwa homa. Alikuwa mdogo wake nahodha, tumbo moja, msichana mrefu hata shule nzima ikamwita Mlingoti. Nahodha akaita, "Mlinda goli!" Kabla wenzake hawajafumbua midomo, sauti nyembamba, ya mtu aliyekurupushwa usingizini, ikaitika ndani ya duara.

"Nipo."

"Acheni utani," nahodha akasema. "Mgonjwa hachezewi."

"Sasa nani kacheza?" mfungaji akauliza.

Wakatazamana, kisha wakacheka, maana wasichana wa umri ule hucheka hata wakiwa wameogopa.

Siku hiyo hakuna aliyefunga kwenye goli alilokuwa akilinda Mlingoti. Mpira uliruka vizuri, ukalikaribia, halafu ukapigwa chini kwa kishindo mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mwalimu wa michezo, ambaye katika maisha yake hajawahi kushinda hata kombe la plastiki, akasema ni upepo. Upepo gani, na majani ya miti yalikuwa yametulia tuli?

Mazoezi yalipokwisha, nahodha alikwenda kumwona mdogo wake. Mlangoni alipokewa na harufu ya nguo zilizovunda kwenye ndoo. Nesi alilalamika kwamba amebadilisha mashuka na kupiga deki, na harufu haijatoka. Mlingoti alikuwa amelala chali, viganja vimemvimba, vumbi la uwanjani limejaa kwenye kucha.

"Umetoka nje wewe?"

"Nitokeje, Dada? Hata chooni napelekwa kwa kushikwa." Akamvuta nahodha karibu, akanong'ona. "Msiniite tena. Mkiniita tu, navutwa mpaka uwanjani, halafu kuna mtu anakuja kulala hapa kwangu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Ana mikono mirefu. Niliporudi nimemkuta bado yumo kitandani, na hakutaka kunipisha."

Nahodha akatoka nje mbio. Akampigia mama yao simu, na mama akaja na mjomba wao, mtabibu wa majini. Mjomba hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikaa pembeni ya kitanda, akasoma visomo vyake, akamgusa mtoto utosini, uso ukamshuka.

"Huyu jini hakuvunja mlango," alimwambia nahodha walipotoka barazani. "Mnamwita mtoto atoke, nyumba inabaki wazi, naye anaingia. Kwa sababu ya homa hana nguvu za kumsukuma. Asiitwe tena mpaka apone kabisa. Akiitwa, na huyu akaamua kukaa, mwanangu, mimi sina dawa."

Tatizo ni kwamba sherehe ya kuanzishwa kwa shule ilikuwa imefika, na mechi ya siku hiyo ndiyo iliyongojwa kuliko hotuba zote. Nahodha akamsihi mwalimu wa michezo amweke mchezaji mwingine golini.

"Wa nini? Tangu augue tumefungwa?" mwalimu akajibu. "Usiniharibie timu."

"Basi mimi sitaita nafasi yake, Mwalimu."

"Usiite. Nani kakulazimisha?"

Siku ya sherehe wazazi walijaa viti vya plastiki, kwaya ikaimba, wacheza ngoma wakatimua vumbi mpaka mgeni rasmi akainuka kucheza nao. Mama na mjomba walibaki chumba cha wagonjwa, kila mmoja upande wake wa kitanda. Uwanjani timu ikafanya duara. Nahodha akaita nafasi zote, na alipofika kwa mlinda goli akairuka nafasi ile.

Wale wadogo wa kidato cha kwanza, waliompenda Mlingoti na walioijua desturi ile kwa moyo, wakadhani nahodha amesahau. Mmoja wao akapaza sauti, "Mlinda goli!" na wenzake wakamsaidia, na wa vidato vya juu wakapokea, na wapiga ngoma wakaingiza mapigo, na nahodha akatoka kwenye duara akikimbia mbele ya watazamaji huku akipunga mikono na kulia, "Nyamazeni, jamani, nawaomba, nyamazeni!" na wao, kwa kuona mikono ile inapungwa, wakadhani anawachochea, wakazidisha, shule nzima, walimu na wazazi ndani, kwa furaha na kwa mapenzi, wakimwita mtoto mgonjwa atoke kitandani mwake.

Chini ya goli kitu kikaitika, na nahodha peke yake ndiye aliyekisikia.

Aliiacha mechi, akakimbilia chumba cha wagonjwa. Akakutana na mama mlangoni, machozi ya furaha yanamtiririka, amemshika Mlingoti mkono. Mlingoti amesimama wima, macho maangavu, anaomba chakula.

"Mwanangu amepona!" mama akasema. "Ameinuka mwenyewe! Mkumbatie mdogo wako."

Mlingoti ndiye aliyemkumbatia kwanza, akambana, akamwita sikioni kwa jina lake kamili. Tangu ajue kusema, mdogo wake hakuwahi kumwita ila Dada.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye ngazi, anafunga mkoba wake.

"Mjomba, fanya kitu!"

"Nilikwambia, mwanangu," mjomba akajibu, bila kuinua macho.

Walishinda, tena bila kufungwa hata goli moja. Watu walipovamia uwanja kucheza, mwalimu wa michezo akiwa amebebwa juu juu, nahodha alikwenda kusimama peke yake chini ya goli.

"Dada," sauti ikamwambia, karibu kabisa na bega lake. "Mechi si imekwisha? Nitoe basi. Nimechoka."

Akanyoosha mikono, akapapasa hewa. Hakugusa kitu. "Rudi," akanong'ona. "Rudi kitandani kwako, mdogo wangu, haraka."

"Nimejaribu. Pana mtu."

Nahodha akaanza kulia. Waliompita wakampigapiga mgongoni, wakidhani analilia ushindi.

"Wewe! Njoo upige picha na mdogo wako!" mama akaita kutoka upande wa pili wa uwanja, akicheka vile ambavyo hakucheka tangu homa ianze. Angemwambia nini? Akafuta uso kwa fulana, akaenda, na sauti nyuma yake ikauliza wanakwenda wapi wote. Mlingoti akamwekea mkono begani. Mpiga picha akainua kamera, akawataka wasogeleane zaidi, ndugu hawakai mbalimbali hivyo. Nahodha akasogea.