Fidia ya Nuru Mia Tisa

Katika ukumbi wa Bandari ya Anga ya Karagwe, mashine iliyoitwa Kibadilishi ilifanya kazi ambayo zamani ilihitaji benki nzima. Msafiri aliweka kiganja kwenye kioo chake, na kabla hajakiondoa, fedha za mataifa ya Dunia, za vituo vinavyoelea angani na za makazi ya Mwezini zilikuwa zimeshageuzwa kuwa fedha aliyoitaka. Watu waliipenda. Haikuwa na foleni, na haikusinzia baada ya chakula cha mchana.

Mbele yake siku hiyo alisimama Byabato, mwonja kahawa wa chama cha ushirika cha Bukoba, begi likiwa begani. Asubuhi alipaswa kupanda kirukamwezi, chombo cha kwenda Mwezini, akamtembelee mkewe Kemilembe, fundi wa mitambo ya hewa katika makazi ya huko. Walikuwa hawajaonana ana kwa ana kwa miaka mitatu, na mkataba ulikuwa umemfunga Kemilembe huko miaka miwili zaidi. Byabato aliuza pikipiki yake na kukopa kwa dada yake ili apate nauli. Kisha kampuni ya Upeo, yenye chombo hicho, ikatangaza kwamba abiria ni wachache mno na safari imefutwa.

Sheria ilimlinda abiria wa namna hiyo: badala ya kurudishiwa nauli, alipewa fidia ya nuru mia tisa. Nuru ndiyo iliyokuwa fedha ya Mwezini, ambako Upeo iliandikishwa, na kwa kiwango kilichowekwa na sheria nuru moja ilikuwa sawa na shilingi elfu tisa. Byabato alipiga hesabu kichwani, akaona milioni nane na ushee, mara mbili ya nauli aliyolipa. Alijisemea kwamba labda Mungu alikuwa na makusudi yake. Angekata tiketi ya chombo cha wiki iliyofuata, na deni la dada lingelipika.

Akaweka kiganja. Kioo kikaonyesha shilingi milioni moja na laki nane.

Alidhani mashine imekosea, akauliza. Kibadilishi, chenye sauti ya upole kama ya mwalimu wa darasa la kwanza, kikamweleza kwamba kile kiwango cha sheria kilitumika kuandikia mikataba tu. Sokoni mambo yalikuwa mengine. Nuru haikuingia Duniani moja kwa moja. Iligeuzwa kwanza kuwa falaki, fedha ya vituo vya angani, ndipo falaki ikageuzwa kuwa shilingi, na kila mlango ulikata ushuru wake.

"Ushuru peke yake hauwezi kula zaidi ya robo tatu," Byabato alisema.

"Ni kweli, Ndugu Byabato. Ushuru hula kidogo. Tatizo ni kwamba nuru haitakiwi huku. Kila nuru ni ahadi ya hewa, maji na chakula cha Mwezini. Aliye Duniani hawezi kuvuta hewa ya huko, kwa hiyo nuru huinunua kwa bei ya kutupa."

Byabato aliuliza kama bei hiyo ingepanda akisubiri siku mbili tatu. Kibadilishi kikamjibu kwamba haikuwa imepanda kwa miaka mitatu.

"Akaunti yako inaijua. Kila mwisho wa mwezi inapokea nuru mia mbili kutoka kwa Kemilembe, nami ninazigeuza kuwa shilingi laki nne."

Simu ya Byabato haikuwahi kumwonyesha nuru. Ilimwonyesha shilingi tu, laki nne kila mwezi. Wakala aliyempeleka Kemilembe alikuwa ameandika mshahara wake kwa shilingi, zaidi ya milioni mbili, kwa kile kiwango cha sheria. Kwa nuru ulikuwa mia mbili na thelathini, hesabu ambayo Byabato hakuwahi kuipiga. Kwa hiyo Byabato, akiitazama nyumba waliyokuwa wakiijenga Kashai, iliyosimama bila paa, akihangaikia ada ya binti yao Alinda, aliamini kwamba mkewe anawatumia masalio. Hakumgombeza hata mara moja. Ila alishamwambia dada yake kwamba watu wakifika huko juu hujisahau, na miezi ya karibuni alikuwa akizungumza na mkewe kwa mkato.

Akauliza nuru thelathini, zile zilizobaki kwa mkewe, hununua nini Mwezini. Kibadilishi kikasema hununua hewa ya mwezi mmoja, na uji wa mwani mara mbili kwa siku.

"Nikubadilishie?" kikauliza.

Zile shilingi zisingetosha hata nusu ya tiketi nyingine, na tiketi za kuondokea Duniani ziliuzwa kwa shilingi tu. Byabato akataka kujua kama nuru zingeweza kubaki hukohuko, kwa jina la mtu mwingine. Zingeweza, tena bila kukatwa chochote.

"Basi zibaki," alisema. "Mwandikie Kemilembe."

Jioni, akiwa nyumbani kwake pa kupanga, alimpigia. Kutokana na umbali, neno lilichukua zaidi ya sekunde moja kufika Mwezini, na jibu lake vivyo hivyo kurudi. Kemilembe alikuwa ameshaziona fedha, akaanza kumkaripia: dada yake angelipwa kwa fedha gani, na paa je, kwani hakujua mvua ziko karibu? Byabato alimwacha amalize.

"Mama Alinda, jana ulikula nini?"

"Ningekuambia, ungenikataza kutuma," alisema Kemilembe.

"Ningekukataza."

"Ndiyo maana sikusema, Baba Alinda."

Byabato alimweleza yote aliyokuwa akimdhania, akamwomba radhi. Kemilembe alisema alikuwa ameuona ule mkato, akadhani mumewe amechoka kumngoja. Uji alikuwa ameuzoea; ule mkato ndio uliomnyima usingizi. Wakakubaliana kwamba tangu hapo atume nusu tu, paa lingoje, na Byabato aende mwenyewe akazungumze na dada yake. Safari wangeidunduliza upya, hata ikichukua mwaka.

Kisha Byabato akamwomba aende bwaloni na simu yake, sasa hivi. Mkewe alisitasita. Samaki aina ya sato, wa matangi ya Mwezini, aliuzwa nuru nane, na kwa miaka mitatu Kemilembe alikuwa akipita tu akisikia harufu. Mwishowe aliagiza mmoja mzima, wa kukaanga, akaegemeza simu kwenye gilasi ili mumewe aone.

Aliumega kidogo mkia, akatafuna, akasita. Akatoa kitu chembamba mdomoni na kukiinua mbele ya simu.

"Ana miiba," alisema, akicheka huku akifuta macho.

Byabato alimtazama akimaliza ubavu mmoja, kisha akamwambia ale polepole, asije akakwamwa. Maneno yalipofika Mwezini, Kemilembe alikuwa ameshamgeuza samaki upande wa pili.