Picha Iliyotisha Mtaa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsaidia shangazi yake kwenye kioski cha maji. Shangazi alifungua bomba, yeye akapanga ndoo na kuziba madumu. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Jumamosi moja klabu ya sayansi ya shule yake ilikwenda kwenye maabara ambayo shule zote za eneo lile ziliitumia kwa zamu. Msimamizi wa maabara, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mama Lenzi, aliwaonyesha hadubini iliyounganishwa na kompyuta. Chiriku alikuwa amekuja na maji ya mvua yaliyotuama kwenye tairi bovu nyuma ya shule. Alipoweka tone moja chini ya hadubini, kwenye kioo cha kompyuta likatokea dubwana lenye kichwa kikubwa na manyoya ubavuni.

"Usikimbie," Mama Lenzi alicheka. "Ni kiluwiluwi cha mbu. Kwa macho ni kidogo kuliko punje ya mchele."

Alikipiga picha, akaituma kwenye simu ya mama yake Chiriku. Chini ya picha palikuwa na maandishi: jina la maabara, kiluwiluwi kimekuzwa mara ngapi, na maji yalitoka wapi.

"Popote utakapoipeleka, iende na maelezo yake. Sawa?"

"Sawa, Mama."

Jioni, Chiriku aliitazama tena. Jina la maabara lilimkera. Watu wangedhani kazi si yake! Akayakata maandishi yote, akaandika, "Tazameni nilichogundua kwenye maji!" kisha akamtumia binamu yake. Binamu naye akawatumia wenzake.

Jumatatu asubuhi hapakuwa na foleni ya ndoo kioskini. Palikuwa na umati. Picha ilikuwa imepita mikono mingi, na kila mkono uliongeza chumvi. Sasa ilisema: "Haya ndiyo maji ya kioski! Mtoto wa fundi viatu yuko hoi kwa tumbo!"

"Unatuuzia sumu!" fundi viatu alipiga kelele. Mkononi alishika jiwe.

Ndani ya kioski, shangazi alikuwa amejifungia. Chiriku, aliyefika kusaidia kama kawaida, aliusikia mlango ukigongwa kwa mateke, na sauti ya shangazi ikitetemeka: "Jamani, hata mimi nayanywa maji haya!"

Chiriku alijua picha ile ni yake. Akisema, watamgeukia yeye. Akinyamaza, je, mlango ukivunjika? Akageuka, akakimbia hadi maabara, jasho na machozi vikichanganyika usoni.

Mama Lenzi aliitazama picha kwenye simu ya mlinzi wa geti, ambaye naye alikuwa ameshaipata.

"Maandishi ya chini yako wapi?"

"Niliyakata," Chiriku alinong'ona. "Nilitaka ionekane ni yangu peke yangu. Mama, watamuua shangazi!"

Mama Lenzi hakumkaripia. Alimpigia simu mwenyekiti wa mtaa, akafungua picha nzima kwenye simu yake, akamshika Chiriku mkono. Wakaondoka mbiombio.

Walimkuta mwenyekiti amesimama mbele ya mlango wa kioski, mikono ameitandaza.

"Sema wewe," Mama Lenzi alimwambia Chiriku kwa upole. "Mimi niko nyuma yako."

Macho yote yakamgeukia.

"Picha ni yangu," alisema. "Maji hayo si ya bomba. Ni ya tairi, nyuma ya shule. Nilikata maelezo yake."

Mama Lenzi akaonyesha picha nzima. Simu ikapita mkono kwa mkono. Fundi viatu aliisoma taratibu.

"Kwa hiyo maji ya bomba ni safi?" aliuliza.

"Sijayapima, kwa hiyo siwezi kusema ni safi," Mama Lenzi alijibu. "Nitayapima leo. Wewe mpeleke mtoto zahanati sasa hivi."

Jiwe likaanguka chini.

Majibu ya vipimo yalionyesha kwamba maji ya bomba hayakuwa na dosari. Mtoto naye alipona. Zahanati iligundua alikuwa amekula matunda mabichi. Binamu aliisambaza picha nzima kwa kila aliyemtumia ile iliyokatwa, ingawa baadhi ya wateja walichukua wiki kadhaa kurudi. Shangazi naye, kwa muda mrefu, alishtuka kila mlango ulipobishwa.

"Nisamehe, shangazi," Chiriku alimwambia.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila uliniponza."

Jumamosi iliyofuata, Mama Lenzi aliwakusanya wanaklabu.

"Mnadhani tunaandika jina la maabara ili tusifiwe?" aliwauliza. "Kushukuru waliokusaidia ni uungwana, na hadubini hii ni ya wengi. Lakini pia jina hilo ni njia. Mwenye shaka atalifuata, atakuja kutuuliza, nasi tutamjibu. Ukilifuta, umemwacha mtu gizani na kitu cha kutisha mkononi. Na mtu mwenye hofu, wanangu, hachelewi kuokota jiwe."