Mpira Usiopoa

Asubuhi ya pili ya safari, mkaguzi aliingia stoo kukagua vitu alivyowanyang'anya abiria. Akagusa mpira mmoja wa maji ya moto, ule mfuko wa kukandia mwili, akauondoa mkono haraka. Ulikuwa bado wa moto. Si vuguvugu, moto, kama uliojazwa sasa hivi. Akajiambia stoo haina hewa, akafunga mlango akaenda zake.

Wenzake walimwita Pua, na jina alilistahili. Sheria ya meli ile ya watalii ilikuwa rahisi: abiria haji na mvinyo wake, anywe wa baa ya meli. Kwa hiyo watu wazima na heshima zao, walimu wakuu na mahakimu wastaafu, walipanda ngazi wakiwa na mvinyo ndani ya chupa za shampuu, ndani ya dawa ya kusukutua, ndani ya darubini za uongo, hata ndani ya nepi za mtoto ambaye hakuwepo. Pua aliwanusa wote. Tusimfichie, kazi ile aliipenda kwa ubaya. Alifurahi kumwona mtu mwenye saa ya dhahabu akibabaika mbele yake kama mwizi wa kuku. Alichokamata alikibandika namba ya chumba, akakiziba kwa muhuri wa lakiri, kikakaa stoo mpaka asubuhi ya kushuka.

Na huyo huyo Pua alikuwa na lake la kuficha, kubwa kuliko la abiria wote. Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alikuwa dobi kwenye meli hiyo hiyo, na chini ya aproni yake pana kulikuwa na mimba ya miezi sita. Dobi akijulikana ni mjamzito hushushwa bandari ya kwanza, apende asipende. Aliyempa mimba alikuwa ameshatokomea, mama yao alikuwa ameshakufa. Walibaki wawili.

"Siku ikifika nitampokea mimi," Pua alimwambia. "Kwa mikono yangu hii."

"Na mkunga?"

"Mkunga atashika taa."

Ule mpira alikuwa ameukamata siku ya kupanda. Bibi mmoja alikuja wa mwisho, amekumbatia kitu ndani ya shali, anakibembeleza.

"Shikamoo, bibi. Fungua shali."

"Marahaba. Usimguse."

"Nasikia harufu ya mvinyo."

"Ni mvinyo, ndiyo. Nakukataza usimchukue."

Watu nyuma yake wakacheka. Pua akanyoosha mikono.

"Nakukataza mara ya pili," bibi akasema. "Nakukataza mara ya tatu."

Pua akampokonya. Alitegemea machozi, au walau matusi. Badala yake bibi alishusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akawageukia abiria wenzake. "Mmeona wote. Kachukua mwenyewe." Akapanda ngazi bila kutazama nyuma.

"Uzee kazi," Pua akasema, akaubandika mpira namba.

Siku hiyo ya pili, mchana, mdogo wake alimwita kwenye kijichumba chao cha kulala. Alikuwa amejikunja kitandani, uso umempauka.

"Dada, mgongo unakatika. Nimepiga pasi tangu alfajiri."

Kwa daktari wa meli hakuendeki, angemfunua aproni. Pua akakumbuka kile kitu cha moto stoo. Akakichukua, akamwekea mgongoni. Mdogo wake akashusha pumzi, kisha akageuka, akakikumbatia tumboni.

"Raha jamani! Umekitoa wapi?"

"Kwa bibi mmoja mwenye wazimu wake. Ukimaliza unirudishie."

"Kinanuka mvinyo."

"Basi usikinywe."

Wakacheka. Ndicho kicheko chao cha mwisho cha bure.

Kuanzia hapo mdogo mtu akawa na nguvu za ajabu. Alipiga pasi mashuka bila kukaa, uso ukanawiri, lakini mpira hakutaka kuurudisha. Siku ya nne Pua aliunyanyua akaona umepungua uzito.

"Umeufungua?"

"Nifungue nini? Lakiri si hiyo hapo?"

Lakiri ilikuwepo, nzima, na saini ya Pua juu yake. Hapo hofu ilimgusa kwa mara ya kwanza, naye akaipuuza, kwa sababu alizoea kuogopwa, hakuzoea kuogopa.

Siku ya sita alirudi chumbani saa sita mchana, jua limejaa dirishani, na kabla hajafika mlangoni akakutana na harufu ya mvinyo, nzito, ya mvinyo uliolala kinywani mwa mtu, akasukuma mlango polepole akasikia kitu kinameza, funda baada ya funda, bila haraka, kama mtu anayejua hakuna wa kumnyang'anya, akadhani ni mdogo wake anakunywa, lakini mdogo wake alikuwa amelala chali, midomo imefungwa, mpira umekaa juu ya tumbo lake na kubonyea kwa ndani kama shavu la kibogoyo, na kila ulipobonyea lile funda lilisikika chini yake, ndani ya tumbo.

Akauvuta. Ulikuwa mtupu, mkavu, lakiri haijaguswa. Ulikuwa baridi.

Mdogo wake akafumbua macho. "Ungemwacha amalize," akanong'ona.

"Nani?"

"Sema polepole, dada, anasikia. Mtoto wangu alikuwa anapiga teke. Huyu hapigi, anashika. Lete mkono. Hapa, unasikia vidole? Na mwanangu yupo huku, pembeni kabisa, kajikunyata. Anamwogopa."

Pua alivisikia. Vilikuwa virefu, na vilimfuata kiganja kila alipokihamisha.

Alipanda ngazi za meli mbio mpaka kwenye bwawa la kuogelea. Bibi alikuwa kwenye kiti cha jua, anakula tikiti kwa hamu ya mtu aliyetoka kuugua.

"Bibi, mchukue. Nakupigia magoti."

"Inuka, unanichafulia siku. Nilikukataza mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu. Ukataka nilie." Akatema mbegu. "Huyu hapewi mtu, huchukuliwa. Akiwa mpirani huchukuliwa na yeyote mwenye kiherehere. Akishaingia tumboni, hutoka kwa mikono ya ndugu wa damu tu, ile itakayompokea mtoto. Mimi nilimpokea mjukuu wangu. Akatoka salama, mama yake salama, na huyu akanifuata viganjani. Miaka kumi na tisa nimemlea, mvinyo ndio maziwa yake, mpira ndio kitanda chake. Asipokunywa analia, na akilia watu nyumba nzima hawaamki vizuri. Binti yangu hanifungulii mlango. Tunaongea dirishani."

"Na mtoto asipopokelewa na ndugu wa damu?"

"Huyu atabaki kwa mama. Na akibaki kwa mama, hapendi kugawana nafasi na mtoto."

Bibi akamshika Pua mkono, akakitazama kiganja kama mnunuzi sokoni.

"Nimepanda meli saba nikitafuta mkaguzi mwenye dharau ya kutosha," akasema. "Wengine wote walinionea huruma wakaniacha nipite."

Asubuhi ya kushuka, Pua alisimama langoni na meza yake, akiwarudishia watu shampuu na darubini zao. Walimchekea, walimtania, naye hakuwasikia. Bibi alipita mikono mitupu, shali ameifunga kichwani, na hakudai kitu.

Wafanyakazi wa zamu wakafuata. Harufu ilitangulia. Mdogo wake alishuka ngazi polepole, koti limefungwa mpaka shingoni, na abiria mmoja mcheshi akapaza sauti, "Mkaguzi, huyo kakupita na pipa zima!"

Watu wakacheka. Maisha yake yote Pua alikuwa upande wa wanaocheka.

Mdogo wake akamsogelea sikioni. Hakuwa amesikia neno la bibi, alijua tu kwamba anaogopa, na kwamba ana mtu mmoja duniani.

"Dada, uliniahidi. Bado utampokea wewe?"

Pua aliufikiria ule mlango usiofunguliwa, na kuongea na mdogo wake dirishani, na mtoto atakayekua akimwona mama yake mkubwa mtaani na kuambiwa asimsogelee. Alitaka kusema mkunga. Neno lilikuwa kinywani kabisa. Akamtazama mdogo wake, uso ule ule aliokuwa akiupangusa kamasi utotoni, akalimeza.

"Nitampokea mimi," akasema. "Kwa mikono yangu hii."

Chini ya koti kitu kikatulia, kama kilichosikia jina lake. Kikameza funda moja, taratibu. Na pale mezani, viganja vya Pua vikaanza kupata moto.