Pua za Nyumba ya Barza

Kila jioni mama yangu, Suzanne, alimwagilia lengalenga, mchicha wetu, kuzunguka Nyumba ya Barza. Huku Shituru kila mtu alilima miaka ile. Kampuni ya shaba ilikuwa hailipi tena, na bukari, ugali wetu, haishuki bila mboga. Wengine walilima mpaka njiani. Sisi tulilima mpaka ukutani.

Nyumba ya Barza ni ya zamani, ya wakati wa watu wa reli. Matofali yake ni mekundu, na mbele iko barza pana ya kukalia. Ilipoachwa, watu walianza kung'oa milango wapate kuni. Ndipo Baba Urbain, jirani mzee aliyekuwa fundi wa treni, akaomba komine, serikali ya mtaa, itupe sisi majirani nyumba ile tuilinde. Tulifagia, tukatengeneza milango. Hakuna aliyelipwa. Katika chumba cha mbele kina mama walijifunza kusoma. Katika chumba cha nyuma tuliweka vitanda, ili wanawake waliotoka Kambove kwa miguu wapate pa kulala siku za masomo. Mimi nilitunza vitanda hivyo.

Kisha ukuta wa nyuma ukaanza kulowa, na ilikuwa kiangazi. Magodoro yakaota ukungu. Georgette, mwanafunzi wetu kutoka Kambove, alikuwa akikohoa mpaka asubuhi.

Mkubwa mmoja wa komine akaja kutazama. Alisukuma kidole ukutani, kikaingia.

"Mvula ikikuta hii ukuta ingali na maji, nitafunga nyumba," alisema. "Sitaki muntu akufie humu."

Tulijua maana yake. Nyumba ikifungwa tu, watu wataigawana tofali kwa tofali. Jirani yetu Clovis alikuwa ameshachagua. Kila akipita alimwita Baba Urbain kwa kicheko: "Baba, ile dirisha ya bulu ni yangu. Usisahau."

Baba Urbain alitafuta simenti kwa shida, akapaka ukuta wote. Ulipendeza. Lakini baada ya muda maji yalipanda juu zaidi, na simenti ikaanguka vipande vipande.

Mimi nililala chumba kile, kwa hiyo niliona jambo. Jumapili tulishinda kwenye maombi, hatukumwagilia. Jumatatu alama ya maji ilikuwa imeshuka kidogo. Jumanne ilipanda tena. Nilimwambia mama, naye akaniambia niache kuhesabu ukuta, nikachote maji.

Nikampelekea habari Ma Colette. Yeye alikulia Kakontwe, kwenye mawe ya chokaa, na kazi yake ni kupaka nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaja nami. Hakuomba ndoo wala simenti. Alipiga magoti kwenye lengalenga ya mama, akafukua udongo chini ya ukuta. Likatokea tundu lenye chuma kama kichujio. Akafukua mbele kidogo. Tundu lingine.

"Hii njo pua ya nyumba," alisema. "Bale bazee baliacha matundu, hewa ipite chini ya sakafu. Mulizifunika na mashamba."

Baba Urbain akauliza kwa nini basi simenti haikusaidia.

"Tofali inakunywa maji ya udongo. Zamani maji ilikuwa inatoka tena, inapita mu chokaa, inakauka. Sasa mulifunga na simenti. Itatokea wapi? Njo maana inapanda."

Alisema mashamba yote ya ukutani lazima yaondoke. Mama akaweka ndoo chini.

"Colette, weye unataka tukule nini? Chokaa?"

Watu walicheka. Ma Colette hakucheka. "Lengalenga utapanda tena kule chini, Suzanne. Hii nyumba, nani atapanda tena?"

Georgette alikuwa nje, anaanika godoro lake, anakohoa. Mama alimtazama. Kisha akainama, akang'oa mche wa kwanza yeye mwenyewe. Jioni ile kila mwanafunzi alipata fungu la mboga.

Kazi ikaanza. Tulishusha udongo mpaka chini ya matundu. Tulichimba mfereji, ili maji ya mabati yaende mbali na ukuta, kwenye shamba jipya la mama. Baba Urbain alibandua simenti yake polepole, akijicheka. Tukaacha ukuta ukauke, hata tulipokuwa na haraka. Mwishowe Ma Colette alichanganya chokaa na mchanga. Alitufunga vitambaa mikononi, akatukataza kujigusa macho, kwa sababu chokaa inaunguza. Tukapaka tabaka nyembamba, moja ikikauka ndipo nyingine.

Mvua ikaja, ile inayopiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Maji yalikimbia kwenye mfereji. Mkubwa wa komine alirudi siku hiyohiyo. Safari hii aliingia chumba cha nyuma, akaweka kiganja chote ukutani. Alipokitoa kilikuwa cheupe kwa vumbi la chokaa, kikavu kabisa. Akajifuta kwenye suruali, akasema tuendelee. Kina mama wakapiga vigelegele, na Georgette akapiga kupita wote, bila kukohoa.

Leo vitanda vimejaa, na lengalenga ya mama, kule chini, ni ndefu kuliko zamani.

Juzi Baba Urbain alimwona Clovis njiani, akamwuliza: "Dirisha yako ya bulu, utakuja kuikamata siku gani?"

"Uache pale pale, Baba," Clovis alijibu. "Muke yangu anapata mwangaza ya kusomea."