Kokugonza na Uwakala wa Magodoro

Kila Jumapili akitoka kanisani, Kokugonza alikuwa na kazi moja kabla ya kupika. Aliitoa nje baiskeli ya mumewe, akaiegemeza ukutani, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Aliyaminya matairi kwa dole gumba. Yakiwa yamelegea, aliyapiga pampu mpaka jasho likamtoka. Halafu aliirudisha ndani. Hakuna aliyeipanda baiskeli hiyo. Mwenyewe alikuwa mbali.

Mumewe aliitwa Elpidius. Mwaka huo, 1991, ulikuwa wa tatu tangu aondoke Kiruruma kwenda kukata miwa kwenye mashamba makubwa. Kibanja chao, shamba la kuzunguka nyumba, kilikuwa na migomba mizuri. Kahawa nayo ilikuwepo, lakini bei yake ilishuka, na malipo yalichelewa mpaka watu wakachoka kuulizia. Basi Elpidius akafunga mzigo wake. Alirudi mara moja tu, Krismasi ya kwanza. Tangu hapo zilikuja barua.

Barua ya mwisho Kokugonza aliihifadhi kichwani, neno kwa neno. "Nimechoka kulala bwenini na wanaume ishirini wanaokoroma. Mgongo unaniuma. Siku utakapoona kuna kitu kidogo cha kutuingizia pesa kila mwezi hapo nyumbani, niandikie. Wiki hiyo hiyo nitapanda basi. Unitunzie baiskeli."

Kokugonza alimkumbuka mumewe kupita kiasi. Alikikumbuka kikohozi chake cha asubuhi. Alikumbuka hata ugomvi wake kuhusu chumvi kwenye maharage. Mara nyingi alimenya ndizi za watu watatu, kisha akazipunguza tena. Binti yao Dafroza, mwenye miaka sita, hakuacha kuuliza.

"Mama, baba ni mrefu kama nani?"

"Njoo mlangoni," Kokugonza alimwambia. Akanyoosha mkono na kugusa mwimo wa mlango. "Kichwa chake kinafika hapa."

Dafroza aliruka apaguse hapo. Hakupafikia.

Sasa utaelewa kwa nini maneno ya Pastory yalimwingia Kokugonza kirahisi.

Pastory alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na mkoba mweusi. Alifika Kiruruma siku ya Jumatatu, akipita nyumba kwa nyumba. Kokugonza alimkaribisha kama wafanyavyo watu wa Karagwe. Alileta kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Mkitafuna pamoja, mmekuwa marafiki. Pastory akachukua buni mbili, akatafuna taratibu, akasifia.

"Shemeji," alisema, "natafuta mawakala wa kampuni yetu ya cherehani. Wakala hanunui mali. Wakala analeta watu, na kila anayemleta anampatia fungu lake. Kazi ya heshima, unaifanyia hapa hapa nyumbani."

"Kila mwezi?" Kokugonza aliuliza.

"Kila wiki ukitaka. Unalipa kiingilio tu, mara moja. Kisha unaleta kina mama watano, nao wanalipa kiingilio, na fungu lako linaanza hapo. Nitakuwa Nkwenda siku ya mnada, Alhamisi. Usikawie, nafasi zinakwisha."

Kiingilio alichokitaja kilikuwa kikubwa. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja tu chenye thamani hiyo, nacho kilikuwa kimeegemea ukuta wa chumbani. Pastory alipoondoka, Kokugonza alikwenda kwa fundi mmoja aliyekuwa akiitamani baiskeli ile siku nyingi. Wakapatana. Fundi angekuja Jumatano jioni kuichukua.

Jumatano mchana Kokugonza aliitoa baiskeli nje na kuifuta. Haikuwa Jumapili. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa kile kile, uso ukabaki na mafuta.

Jirani yake Nyirabageni alipita akitokea kisimani. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda naye akiwa msichana. Kijiji kizima kilimjua kwa mambo mawili: miguu isiyochoka na mdomo usioficha neno.

"Shikamoo mama," Kokugonza alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo Jumatano imekuwa Jumapili? Na uso umepakwa mafuta ya cheni?"

Kokugonza akamweleza yote. Nyirabageni alitua ndoo yake, akakaa juu ya kinu kilicholala.

"Hizo cherehani, umeiona hata moja?"

"Alinionyesha picha. Imekatwa kwenye kalenda."

"Nani amenunua?"

"Sijui."

"Barua ya kampuni? Mahali ilipo?"

Kokugonza aliinamisha kichwa. "Mama, ningemuulizaje? Alikuwa amekwisha kutafuna kahawa yangu. Ingekuwa kama kumwita mwizi kwenye nyumba yangu."

Nyirabageni alimtazama, na safari hii hakutania. "Hapo ndipo mnapokosea wengi wenu. Kahawa ni ya urafiki. Imemkaribisha mgeni, basi. Kazi haijui kahawa, kazi ina maswali yake. Mimi nimekuwa wakala mwaka wa nne sasa. Nawapelekea wateja duka la magodoro la Kashaija pale Kayanga. Unadhani niliingia nikiwa nimefumba macho?"

"Ulilipa kiingilio kiasi gani?"

"Kiingilio cha nini? Mimi ndiye ninayempelekea wateja. Yeye ndiye anilipe. Sikiliza, mwanangu. Uwakala wa kweli una mali inayoshikika, na fungu lako linatoka kwenye mali iliyouzwa. Huyu wako analipa mawakala kwa viingilio vya mawakala wengine. Siku wakikosekana wa kuingia, nani atalipwa?"

Kokugonza hakutaka kuiacha ndoto yake. "Mama, nitamjua vipi? Huenda ni mkweli."

"Huenda. Basi nenda Nkwenda kesho. Nenda mikono mitupu, baiskeli uiache hapa. Muulize mali iko wapi. Muulize nani amenunua, na fungu linalipwa lini, na limeandikwa wapi. Mkweli hachukii maswali. Na ukimwona anachukia, hapo utakuwa umejibiwa."

Jioni fundi alipofika, Kokugonza alimwomba amngoje siku mbili. Fundi akanuna, akaenda zake.

Alhamisi Kokugonza alipanda lori la mnadani mpaka Nkwenda. Pastory alikuwa amekodi chumba kwenye nyumba ya wageni. Nje walipanga foleni kina mama zaidi ya kumi. Aliyesimama nyuma ya Kokugonza aliitwa Mukandekezi, mkulima wa upande wa Kyerwa.

"Wewe umekwisha kuuza ngapi?" Kokugonza alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Kuuza nini? Mimi nimeleta watu wanne. Dada zangu wawili na shemeji zangu wawili." Mukandekezi alikunja khanga yake. "Cherehani yenyewe sijaiona. Tunaambiwa iko njiani."

Zamu ya Kokugonza ilipofika, aliingia, akasalimia.

"Naomba kuiona cherehani," alisema. "Na karatasi inayosema fungu langu ni kiasi gani."

Tabasamu la Pastory likapungua. "Shemeji, si tulitafuna kahawa pamoja? Leo unaniomba karatasi?"

"Tulitafuna. Na karatasi naiomba."

"Wanawake wengine wanagombania nafasi hii. Kama huniamini, mpishe mwenzako."

Kokugonza akampisha. Alitoka nje, akaenda kukaa nyuma ya maduka peke yake, akalia. Hakumlilia Pastory. Alililia kile alichokuwa amekwisha kukiona kichwani mwake: basi linasimama, na mtu mrefu anashuka akikohoa. Ndoto ilikuwa tamu, na kuitema kuliuma.

Lakini kabla lori halijaondoka alirudi kwenye foleni. Akamwambia Mukandekezi alichouliza na alichojibiwa. Mukandekezi alisikiliza, uso ukamsawijika. Siku hiyo hakuingia chumbani. Wiki iliyofuata chumba kilikutwa kimefungwa, na mwenye nyumba ya wageni naye alikuwa akimtafuta Pastory.

Siku mbili za fundi zilipokwisha, Kokugonza alimwambia baiskeli haiuzwi tena, na Jumamosi hiyo yeye na Nyirabageni walitembea mpaka Kayanga. Duka la Kashaija lilikuwa karibu na stendi. Magodoro yalipangwa mpaka darini. Kokugonza alikuwa amebeba kikapu chake kidogo cha kahawa, akamwekea Kashaija juu ya meza.

Kashaija alikuwa mzee mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikitazama kikapu, akakisogeza pembeni kwa adabu.

"Ahsante, mama. Tutatafuna. Lakini kwanza uniulize maswali uliyonayo, maana tukishatafuna utaona haya."

Nyirabageni alimfinya Kokugonza mkononi.

Kokugonza akauliza. Kashaija akajibu moja moja bila haraka. Kiingilio hakipo. Wakala anapewa vikaratasi vyenye jina lake. Akimpata mtu anayetaka godoro, anampa kikaratasi. Mteja anakuja nacho dukani, ananunua, na Kashaija anakitunza. Jumamosi ya mwisho ya mwezi vikaratasi vinahesabiwa mbele ya wakala mwenyewe, naye analipwa.

"Na mteja akija bila kikaratasi?"

"Hapo hupati kitu. Nakwambia leo, usije ukanichukia kesho."

"Na godoro likibonyea upesi?"

"Alirudishe ndani ya miezi mitatu, nimpe jingine. Ila usimwambie mtu kwamba godoro langu linadumu maisha. Halidumu. Sema unachokijua."

"Nitajie wakala wako mmoja nikamuulize."

"Si unaye huyo Nyirabageni?"

"Huyu ni jirani yangu, ananipenda. Nitajie mwingine."

Kashaija alicheka mpaka miwani ikamteleza. Akamtajia Mbonimpa, muuza viazi pale sokoni. Kokugonza akaenda. Mbonimpa alisema fungu lake lilichelewa mara moja tu, mwaka juzi, na Kashaija alimtumia habari mapema. Kokugonza akarudi dukani. Kashaija akamwandikia masharti yote kwenye karatasi moja, wakatia sahihi wote wawili. Ndipo wakatafuna kahawa.

Kabla hajampa mtu kikaratasi, Kokugonza alikwenda kwa Nyirabageni, akaomba kulijaribu godoro lake la kwa Kashaija. Alijilaza, akanyoosha miguu. Tangu azaliwe alikuwa amelalia nyasi kavu na mkeka. Akaufikiria mgongo wa Elpidius pale bwenini, akafumba macho.

"Umelala?" Nyirabageni aliuliza.

"Hapana mama. Nimejua nitakachowaambia wateja."

Mwezi wa kwanza alipata wateja wawili. Mwezi wa pili, mmoja. Alitaka kukata tamaa, lakini Nyirabageni akamtania kwamba hata kuku hutaga moja moja. Shida ilikuwa vilima. Kwa miguu, aliweza kuzitembelea nyumba chache tu, na kibanja nacho kilimngoja.

Jumapili moja, alipokuwa akipiga pampu, aliitazama baiskeli kwa jicho jingine. Akaisukuma mpaka kiwanja cha shule. Alianguka mara nne. Wanawake wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, na Dafroza akakimbia nyuma akipiga makofi. Wiki ya tatu alikuwa akipanda mwenyewe mpaka vijiji vya mbali. Mukandekezi naye alipata habari, akaja Kayanga kuuliza maswali yake, akawa wakala wa upande wa kwao.

Mwezi wa sita Kokugonza alichukua kalamu. "Baba Dafroza, sasa kipo kitu kidogo kila mwezi. Si kikubwa. Kimefika miezi mitano mfululizo bila kukosa. Karatasi yake ninayo, utaisoma mwenyewe. Njoo."

Aliogopa kwamba jibu lingekuwa barua nyingine. Haikuja barua. Ilikuja salamu kwa mdomo wa kondakta: Ijumaa, basi la mchana.

Siku hiyo Kokugonza alisimama stendi ya Kayanga tangu asubuhi, ameshika baiskeli. Mabasi mawili yalipita. La tatu liliposimama, alisikia kikohozi kabla ya kumwona mtu. Elpidius alishuka akiwa amekonda, ameshika begi moja. Walisalimiana kwa mikono, maana watu walikuwa wengi. Lakini mikono hiyo haikuachana upesi.

"Umeitunza," Elpidius alisema, akiishika baiskeli. Aliminya matairi, akatabasamu. Kisha akapanda, na magoti yakagonga usukani. Akashuka, akakitazama kiti.

"Mama Dafroza, nani amekishusha kiti?"

"Mimi. Hii ndiyo inayotulisha siku hizi, nami ni mfupi." Kokugonza akaichukua baiskeli mikononi mwake, akaigeuza kuelekea Kiruruma. "Kiti utakipandisha nyumbani. Leo kaa kwenye keria."

Elpidius aliwatazama watu wa stendi. Akaukumbuka mgongo wake. Kisha akakaa kwenye keria, begi mapajani, na mkewe akaanza kukanyaga.